Manati: Nusu Tani Inayoelea Bila Jasho

Jamani, picha zote mlizoziona zinamdhulumu! Nimemtazama manati ana kwa ana pale Blue Spring, Florida, kutoka kwenye njia ya mbao iliyojengwa kando ya mto, maji yakiwa maangavu hadi mchanga wa chini unahesabika. Likapita dubwana la mita tatu, kilo mia tano na ushei, na uso wa maji haukutikisika. Kilo mia tano!

Aliyewahi kumwona nguva wa pwani yetu ataujua ukoo huu mara moja, ila mkia utamshangaza. Wa nguva una panda mbili; wa manati ni bapa moja pana la mviringo. Anaupiga chini mara moja tu, halafu anateleza weee! Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 5 hadi 8 kwa saa, ingawa akishtuka anaweza kukaribia 24 kwa muda mfupi.

Lakini kilichoniacha kinywa wazi ni kushuka kwake. Alizama wima, taratibu, bila kutikisa mkia wala pezi! Siri iko ndani. Mbavu zake ni mfupa mtupu, mzito, zisizo na nafasi ya uboho, nazo humvuta chini. Mapafu yamelala mgongoni, marefu kama mita moja, na kila pafu lina kiwambo chake. Akibana, hewa inasongamana, anazama, akilegeza, anapanda. Hata gesi ya tumboni (naam, hiyo hiyo unayoifikiria) inamsaidia kuelea. Na akitokeza pua kupumua, pumzi moja hubadilisha karibu asilimia 90 ya hewa ya mapafuni. Sisi tukipumua kawaida hubadilisha kama asilimia 10 tu.

Shingo? Hapo nampunguzia alama. Ana pingili 6, wakati karibu mamalia wote, twiga akiwemo, wana 7. Akitaka kutazama pembeni, anageuza mwili mzima.

Alama hiyo anairudisha mdomoni, tena na nyongeza. Mdomo wa juu umegawanyika, kila upande unajitegemea, umejaa sharubu ngumu zinazoshika majani na kuyasukumia ndani, huku mapezi yenye kucha yakiyasogeza karibu. Meno ya mbele hana. Magego yake yamepanga foleni: jipya linachipua nyuma, linasukuma wenzake mbele, lililosagika linang'oka, na foleni haikatiki maisha yake yote! Tembo, ambaye ni jamaa yake wa mbali, hupewa seti 6 tu, zikiisha, basi.

Na anakula nini? Nyasi za baharini, majani ya mtoni, na, shikeni viti, magugu maji! Yale yale yanayotusumbua Ziwa Victoria! Hutafuna saa 6 hadi 8 kwa siku, na mwenye kilo 500 anaweza kumaliza kilo 20 hadi 45. Kwa mlaji wa namna hiyo, nyasi zikikosekana ni maafa: mwaka 2021 walikufa kama 1,100 Florida, wengi kwa njaa, baada ya uchafuzi kuangamiza nyasi za Indian River Lagoon.

Msidanganywe na unene wake, si mafuta. Sehemu kubwa ya tumbo hilo ni utumbo, na chakula huchukua karibu wiki nzima kupita humo. Mwili wake huzalisha joto kidogo sana, hivyo maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anaanza kuumwa. Ndiyo maana hukimbilia chemchemi ya Blue Spring, ambayo hubaki nyuzi 22 hata wakati wa baridi.

Kwa hiyo nendeni Januari, tena siku ya baridi kali, na mfike mapema. Jua likishapasha mto, manati wanatawanyika kutafuta chakula, na aliyechelewa anaweza kukuta hata maegesho ya magari yamejaa.