Ndovu na Enjovu: Kukirejelea Kipindi cha Kwanza cha Tinga Tinga Tales tukiwa Kampala

Utangulizi

Mwaka 2010 idhaa ya watoto ya BBC, CBeebies, ilianza kurusha Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni uliobuniwa na Claudia Lloyd na kuhuishwa katika studio ya Homeboyz jijini Nairobi. Kipindi cha kwanza kinaeleza jinsi tembo, ambaye hapo awali alikuwa na pua fupi, alivyopata mkonga. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati huo sasa ni mtu mzima, na baadhi ya rika lake ndio wanaoingia madarasani kufundisha. Makala haya yanakirejelea kipindi hicho kwa swali moja: sanaa ya Afrika Mashariki inapovuka mipaka na kuiacha lugha nyuma, ni nani anayepata hasara? Tunadai kuwa mtoto wa Uganda ni miongoni mwa wanaopoteza zaidi.

Picha na utanzu

Sifa za kipindi zistahiliwe kwanza. Rangi kali, vitone vilivyopangwa kwa makini na wanyama waliojaza fremu vinatokana na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru aliyechorea Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mtindo huo, ambao kwa miaka mingi ulijulikana zaidi kama bidhaa ya watalii, hapa unakuwa lugha kamili ya usimulizi wa watoto.

Utanzu nao ni wetu. Ngano ya usuli, inayoeleza asili ya jambo, imeenea kote katika eneo hili. Buganda, kisa cha Kintu na Nambi kinaeleza chanzo cha kifo: Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku, na Walumbe anamfuata hadi duniani. Hata hivyo, swali la mkonga lilikuwa tayari kwenye rafu za Waingereza. Rudyard Kipling alilitungia hadithi katika Just So Stories ya mwaka 1902, akaiweka kandokando ya mto Limpopo. Vyovyote ilivyokuwa nia ya watayarishaji, mfululizo ulifunguliwa kwa swali ambalo mtazamaji wa London angeweza kulitambua bila kuongozwa.

Lugha iliyobaki nyuma

Mazungumzo ya toleo asilia ni ya Kiingereza, na wanyama wanaitwa kwa majina ya Kiingereza. Kwa mtoto wa Kampala, uamuzi huo unaficha jambo kubwa kuliko msamiati. Mnyama anayeitwa enjovu nyumbani kwa Kiganda ni ndovu kwa Kiswahili. Sikio la mtoto lingeutambua udugu huo kabla mwalimu hajautaja. Hata tofauti zingemfurahisha: mamba wa Kiswahili ana meno na miguu minne, ilhali emmamba wa Kiganda ni samaki wa ziwani na jina la ukoo mashuhuri. Hapo pana kicheko, na penye kicheko cha mtoto neno hukaa.

Uganda inahitaji kicheko hicho. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini kwa kizazi cha wazazi wengi, Kiswahili kilisikika kwanza kutoka kwa askari na vizuizi vya barabarani. Somo la lazima, peke yake, linaweza kubadilisha sauti ya amri ya askari kwa sauti ya amri ya mtihani.

Kipimo cha neno

Kampala yenyewe imetupatia kipimo. Katika filamu fupi A Kalabanda Ate My Homework (2017) ya Raymond Malinga, iliyotengenezwa na studio ya Creatures, mvulana anadai shuleni kwamba kalabanda amekula kazi yake ya nyumbani. Ondoa neno kalabanda, na hofu ya shule za Uganda iliyomo ndani yake, kisa kinaanguka. Tembo wa mwaka 2010 hategemei neno lolote la kwetu; anaweza kusimuliwa kwa lugha yoyote bila kupungukiwa.

Kiswahili kina hazina ya visa vinavyoweza kukipita kipimo hiki. Mtu akigeuka jitu, kisha jitu likawa kijitu, sarufi yenyewe imekuwa uchawi: kiambishi kinakuza na kupunguza, na upatanisho wa sentensi unafuata. Mtoto angejifunza ngeli akidhani anaokoa kijiji.

Hitimisho

Kutafsiri katuni zilizokwisha kutungwa kwa Kiingereza ni njia nyepesi, lakini hurithi chaguo la lugha lililofanywa mwanzoni. Tunawapendekezea wapangaji wa sera wa Uganda watenge sehemu ya bajeti ya Kiswahili kwa ajili ya miswada ya katuni inayotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, ikishirikisha waandishi wanaozijua pia lugha za nyumbani za Uganda. Kila mswada upimwe kwa swali moja: neno la Kiswahili likiondolewa, je, kisa bado kinasimama? Kikisimama, kirudishwe kwa mwandishi.