Kidole Ndicho Hakimu: Kuchagua Mashine ya Kuchapa Breli kwa Kisii na Nyamira

Wauzaji wa mashine za kuchapa breli hupenda kuanza na kasi. Katika brosha zao, nambari inayowekwa mbele ni ya herufi kwa sekunde, na mnunuzi asiyesoma breli huishikilia kwa kuwa ndiyo pekee anayoielewa. Lakini mashine inaweza kutema kurasa 900 kwa saa na zote zisisomeke. Mwongozo huu ni wa afisa wa elimu, mkutubi, mwalimu mkuu au kamati ya kanisa inayotaka kuchapa vitabu vya breli kwa wingi katika kaunti za Kisii na Nyamira, na unafuata mpangilio ulio kinyume cha brosha: baada ya hesabu ya kazi, kwanza nukta, kisha karatasi, umeme, lugha na fundi. Kasi tutaipa nafasi inayostahili, wala si zaidi.

Haja yenyewe haina ubishi. Katiba ya 2010 inaitaja breli katika kifungu cha 7 na tena katika cha 54. Mwaka 2017 Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh, unaofungua njia ya kugeuza vitabu vyenye hakimiliki kuwa breli bila kubembeleza kila mchapishaji. Hata hivyo, tangu Jeshi la Wokovu lianzishe shule ya wasioona Thika mwaka 1946, kitovu cha kazi hii kimekuwa Nairobi na viunga vyake. Mtoto wa Ogembo au Nyansiongo aliye katika shule ya karibu na kwao husubiri kitabu kisafiri kutoka mbali, na mara nyingi muhula humtangulia.

Hesabu ya kazi

Kabla ya kumpigia muuzaji simu, jua utachapa nini. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu za breli. Chukua kitabu cha kurasa 200: kwa breli kitafika kama kurasa 500. Ukitaka nakala 30, hizo ni kurasa 15,000. Mashine inayotoa kurasa 400 kwa saa itahitaji saa 37 na nusu, yaani wiki nzima ya kazi. Ya kurasa 900 itamaliza kwa saa 17 hivi. Na hicho ni kitabu kimoja cha somo moja.

Hapo ndipo kasi inapopata maana. Ukurasa mpana wa breli una herufi 40 kwa mstari na mistari 25, yaani nafasi 1,000. Mashine ya wastani kama Everest-D ya kampuni ya Index Braille ya Sweden, yenye kasi ya herufi 140 hivi kwa sekunde, huujaza ukurasa huo kwa takriban sekunde saba. Zile za kampuni ya Braillo ya Norway, zenye herufi 300 au 600 kwa sekunde, hutumia sekunde tatu na ushei au chini ya mbili. Ongeza muda wa kuvuta karatasi, kuijaza upya na kuondoa iliyokwama.

Lakini kama kazi yako kubwa ni mitihani, barua na notisi, yaani nakala chache za vitu vingi, mashine ya kiwanda itashinda siku nzima ikingoja mtu wa kompyuta aandae faili. Katika kazi ya namna hiyo anayechelewesha ni mhariri, wala si mashine.

Nukta yenyewe

Nukta nzuri ya breli ina kimo cha karibu nusu milimita. Umbali kati ya nukta na jirani yake ndani ya herufi ni milimita 2.5 hivi, kati ya herufi na herufi ni kama 6, na kati ya mistari ni 10. Vipimo hivi karibu kila mashine inayoheshimika huvitimiza ikiwa mpya. Tofauti huonekana kwenye umbo.

Nukta inatakiwa iwe kuba: ya mviringo juu, imara ubavuni, bila ncha. Nyundo ya mashine ikigonga kwa nguvu kupita kiasi, kilele hupasuka na kuacha kikwaruzo ambacho msomaji atakihisi kabla hajamaliza ukurasa. Ikigonga kivivu, nukta hulala baada ya kusomwa mara chache. Mchongaji wa Tabaka anapolisugua jiwe la sabuni kwa msasa na maji, hamalizi kwa kulitazama bali kwa kulipapasa. Nawe fanya hivyo hivyo. Ukitaka kutumia macho, zima taa na ulaze tochi ubavuni mwa karatasi. Vivuli vya nukta vilingane kutoka pembe hadi pembe. Palipo na kivuli kifupi, pana nyundo iliyochoka au karatasi isiyokaa sawa.

Kisha chapa ukurasa wa nambari. Nambari za breli ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya nambari, na hapo nukta moja ina uzito wa ajabu. Nukta ya pili, ile ya katikati upande wa kushoto, ikififia, 2 inakuwa 1, 6 inakuwa 3, 7 inakuwa 4 na 8 inakuwa 5. Neno likikosa nukta, msomaji hodari hulikisia kutokana na sentensi. Hesabu haikisiwi. Mwanafunzi atapiga 45 badala ya 78, atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa, na mwalimu atamwona mzembe.

Pande mbili za karatasi

Kwa kazi ya wingi, usinunue mashine inayochapa upande mmoja tu. Kuchapa pande mbili hupunguza karatasi karibu nusu, na breli ni mzigo: kitabu kinachoingia kwenye mkoba wa mtoto mmoja huweza kugeuka juzuu nne au tano nene. Nukta za nyuma hukaa katikati ya nafasi za nukta za mbele. Mpangilio ukisogea hata kidogo, nukta moja huibomoa nyingine, au kidole hukumbana na mashimo pale kinapotafuta vilima. Linganisha ukurasa wa kwanza na ule wa mia tatu wa kazi moja isiyokatizwa. Mashine dhaifu huanza vizuri, kisha hupotoka inapopata joto.

Karatasi na mvua ya Gusii

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, haifai kwa kitabu. Tafuta ya gramu 120 hadi 180 kwa mita ya mraba. 150 au 160 ndiyo wastani wa kuaminika. Nyanda hizi hazina mwezi mkavu kabisa, na karatasi iliyonyonya unyevu hupokea nukta laini ambayo huporomoka vitabu vikipangwa kimoja juu ya kingine. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, ndani ya plastiki yake hadi siku ya kazi. Kitabu kikishakamilika, kisimamishwe kwenye rafu wala kisilazwe.

Zingatia pia namna mashine inavyokula karatasi. Zipo za karatasi ya mkunjo mrefu yenye matundu pembeni, zipo za rola zinazokata zenyewe, na zipo za karatasi moja moja. Rola ndiyo mfalme wa kasi, lakini huagizwa, na ikichelewa bandarini mradi mzima husimama. Mashine inayokubali karatasi zilizokatwa ina faida kubwa huku kwetu: ikibidi, unaweza kununua manila ya uzito unaofaa mjini Kisii, ukaipeleka kwa mchapishaji mwenye kisu cha mashine, naye akaikata kwa kipimo chako. Sharti ikatwe kwa pembe mraba, la sivyo mistari itapanda mlima.

Umeme na radi

Nyanda za Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi, na mvua za alasiri huja saa za kazi. Usipokee mashine yoyote kabla fundi wa umeme hajapima waya wa ardhi wa jengo. Weka kinga ya mshtuko wa umeme, na UPS inayohimili mshindo wa nyundo zote zinapogonga pamoja, kwa sababu wakati huo mashine huvuta umeme zaidi ya wastani ulioandikwa. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa umeme na ule wa mtandao pia. Wengi huchomoa wa kwanza na kuusahau wa pili. Muulize muuzaji hivi: umeme ukikatika ukurasa wa 212, mashine itaendelea 213 au itaanza upya? Usikubali jibu la mdomo. Zima swichi mbele yake.

Jambo dogo kuhusu kelele: nyundo hizi hupiga makelele. Chumba kiwe mbali na madarasa, au ununue na kabati la kuzuia sauti.

Lugha

Mashine haijui lugha; programu ndiyo inayogeuza maandishi kuwa breli. Duxbury ni maarufu na hulipiwa. Liblouis ni ya bure na ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya, ya breli kamili na ya vifupisho. Kosa la kawaida ni kuacha jedwali la Kiingereza. Ukilitumia lenye vifupisho, "habari" itachapwa kwa alama ya Kiingereza inayosimama mahali pa a na r, na mtoto anayeanza kusoma atakwama hapo.

Kwa madarasa ya chini utataka pia Ekegusii. Breli kamili, herufi kwa herufi, inatosha, kwa kuwa lugha hii huandikwa kwa herufi za kawaida. Ila kagua ng'. Kile kikoma cha juu katika "ng'ombe" na "eng'ombe" ni nukta moja tu, ya tatu, ikiwa peke yake chini kushoto. Kama mashine inaifanya isikike, nyingine zote zitasikika.

Fundi na vipuri

Nyundo, mikanda na vihisio vya karatasi huchakaa. Muulize muuzaji ni nani atakayefika Nyamira, kwa siku ngapi, na vipuri viko Nairobi au ng'ambo. Bei ya nyundo moja iandikwe katika mkataba. Wafunzwe watu wawili, si mmoja, maana aliyefunzwa peke yake akihamishwa kwenda Turkana, mashine hubaki imefunikwa kitambaa.

Kwa sababu hiyo, mimi ningenunua mashine mbili za kasi ya wastani, za aina moja, kabla ya kununua moja ya kiwanda. Moja ikilala, nyingine inachapa, na vipuri ni vile vile. Kaunti hizi mbili zikiungana, kila moja ikanunua yake, zitasaidiana mitihani inapokaribia. Mashine kubwa ya rola iachwe kwa taasisi inayochapia nchi nzima.

Siku ya majaribio

Mwite muuzaji aje na mashine, lakini faili ziwe zako: ukurasa uliojaa nukta zote sita, jedwali la nambari, hadithi ya Kiswahili, aya ya Ekegusii. Ichape kurasa mia tatu mfululizo, kwa karatasi utakayoitumia kweli. Kisha lete wasomaji wa aina tatu: mtoto wa darasa la pili, mwalimu anayesoma breli kila siku, na mtu mzima aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani. Huyu wa tatu ni muhimu Nyamira, ambako vidole vingi vimekomazwa na kuchuma chai. Nukta inayomtosha mtoto huenda asiihisi kabisa. Mashine bora ina nafasi ya kurekebisha nguvu ya nyundo ili iwahudumie wote wawili.

Karatasi ya kupokea mashine kwa kawaida husainiwa na mtunza stoo, aliyethibitisha kwamba kifurushi kimefika bila kupasuka. Ongeza mstari wa pili, wa msomaji asiyeona aliyezisoma zile kurasa, na andika katika mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka naye asaini.