Waashi wa Husuni Kubwa

Kilwa ikisifiwa, husifiwa dhahabu yake. Husimuliwa mali ya Sofala, bandari ya kusini, iliyopita hapa ikielekea ng'ambo, na ukarimu wa Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Sifa hizo ni za haki. Ila dhahabu ilipita ikaenda zake, na kilichobaki ni kazi ya waashi. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Kazi yao iliyo kubwa kuliko zote ni Husuni Kubwa, juu ya genge la Kilwa Kisiwani, mashariki ya mji wa kale. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za sultani huyo. Tumezoea kuiita kasri, na kasri ni kweli: ina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Lakini upande wa kusini upo ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba ambavyo wachimbuaji wa mambo ya kale wanaviona kuwa maghala. Mfalme alikaa nyumba moja na biashara yake.

Tazama walivyojenga. Jiwe la ukuta lilichimbwa nchi kavu, kutoka matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Jiwe la kuchonga nakshi na miimo ya milango lilikatwa baharini, maana tumbawe bichi ni laini na likikauka hukaza. Fundi wa nakshi, basi, alishindana na jua: alichokichelewesha leo, kesho kilimgomea. Chokaa nayo ilitaka subira. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Kilichoungua kilimwagiwa maji na kuachwa kipoe na kuiva kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Juu zilikaa boriti za mikoko, na hizo ndizo zilizotoa amri. Boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa ikavuka nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba vya pwani yetu ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha meta 3 au pungufu. Mwashi alikubali kipimo alichopewa na mkoko, akapata ukubwa kwa kuongeza chumba juu ya chumba na ua baada ya ua. Palipohitajika nafasi pana, kama katika Msikiti Mkuu wa Kilwa uliopanuliwa zama zizo hizo, aliinua matao na kuba. Huo ni ujuzi wa hesabu, ingawa majina ya waliopiga hesabu hizo hatuyajui.

Husuni Kubwa haikukamilika, na haikukaliwa muda mrefu. Ramani yake ilidhihirika upya mwanaakiolojia Neville Chittick alipoifukua katika miaka ya 1960. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuo na kuta zikianguka. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya ukarabati ambao wenyeji walishiriki kwa mikono yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa Husuni hauzibwi na kila kilichopo dukani. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likaoza nyuma ya lipu inayong'aa. Chokaa hupitisha unyevu, na ikichakaa hupakwa nyingine. Hivyo kulinda jengo hili ni kulinda ufundi ulioliinua. Vijana wa Kilwa na Lindi wanaojifunza uashi wafundishwe kuchoma chokaa na kuisubiri iive, kama wanavyofundishwa kupanga tofali. Ujuzi huo ni mali yao ya urithi, na hauhitaji jahazi la kutoka Sofala kuuleta.