Maktaba ya Mlimani na Mtu wa Ngara

Wengi wetu tuna tabia ya kulipima jengo kwa ukubwa wake. Tukiambiwa shule fulani ina madarasa ishirini, tunatikisa vichwa kwa heshima, bila kuuliza kama mtoto wa dawati la nyuma anauona ubao. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 27 Novemba 2018, Rais John Magufuli alipofungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Huku kwetu habari hiyo ilipokewa kwa fahari ya pekee, maana marehemu alikuwa mtu wa Chato, na Chato ya ujana wake ilikuwa Biharamulo. Isitoshe, kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati. Nafasi ya vitabu 800,000! Wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja! Vijana wakaanza kusema kwamba ile maktaba ya zamani basi tena, imekwisha kazi yake. Mimi nathubutu kuwapinga, ingawaje si kwa kila jambo.

Ndugu msomaji, chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Wachoraji wa majengo ya huko walikuwa Norman na Dawbarn wa London, ndio hao hao waliochora chuo kikuu cha West Indies kule Mona, Jamaika. Kwa hiyo hawakuja Dar es Salaam wakiwa wageni wa jua. Walikwisha jifunza kwingineko kwamba katika nchi ya joto adui wa kwanza wa msomaji ni paji la uso wake mwenyewe, linalodondosha jasho juu ya ukurasa.

Hapo ndipo ninapowasifu. Majengo ya zamani ya Mlimani yamelazwa kufuata mteremko badala ya kuukata kwa kiburi. Upepo wa bahari unapopanda kilima unakuta njia. Vizuizi vya zege mbele ya madirisha vinalikata jua kali, vikaacha mwanga upite. Na ukitoka jengo moja kwenda jingine wakati wa masika, unapita chini ya paa. Zege lenyewe halina urembo. Mtu aliyezoea minara na nakshi atasema ni makavu mno, na simlaumu. Lakini kitabu hakihitaji nakshi. Pwani kitabu kina maadui watatu: unyevu, wadudu na hewa iliyosimama. Nyumba inayopumua humlinda bila kusubiri umeme, jambo ambalo jengo la ukubwa wa ile mpya haliwezi kulikwepa. Lina deni la kudumu kwa TANESCO.

Linganisha na boma la Wajerumani pale Biharamulo. Nalo ni jengo zuri, watalii hulipiga picha. Kuta zake nene zilijengwa na watu waliokuwa na hofu na wenyeji, nao wakataka wenyeji wawe na hofu nao. Kuta hizo zinakwambia kaa mbali. Maktaba ya Mlimani, ikiwa katika nchi iliyopata Uhuru karibuni tu, haikujengwa kwa hofu ya mtu yeyote. Nilipoingia humo mara ya kwanza, mwalimu wa cheti tu niliyekwenda mjini kwa semina, kilichonigusa hakikuwa wingi wa vitabu. Ni ule utulivu uliotoka katika kivuli chenyewe, wala hapakuwa na mtu wa kukemea. Nilikaa hadi jioni.

(Ukumbi wa Nkrumah, jirani yake, ulipewa heshima ya kuchapwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Maktaba haikupata bahati hiyo. Hata katika majengo wapo wasemaji na wapo wafanyakazi.)

Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya moto. Walter Rodney alifundisha chuoni hapo mwaka 1966 na 1967, akarudi 1969 hadi 1974, na kitabu chake mashuhuri juu ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Kisha ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni zikaadimika, na vitabu vipya pamoja na majarida ya nje vikaadimika vilevile. Rafu hazikuwa tupu. Zilizeeka, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa rafu tupu humwonea kila mtu haya.

Sasa kasoro. Maktaba ile iliwekwa juu ya kilima, na Taifa zima likatakiwa kukipanda. Wakati wa kampeni za kisomo, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilipoanza kutoka Mwanza mwaka 1974, msomaji wa kijijini alikuwa na maktaba yake ya kijiji. Maktaba hizo nyingi zimekufa. Ya kilimani imebaki. Na humo, katika hazina iitwayo East Africana, zimo karatasi za Hans Cory, yule Mwaustria mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, ambaye pamoja na Hartnoll alitoa mwaka 1945 kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Mtu wa Ngara anayetaka kujua wakoloni waliandika nini juu ya nchi za kwetu, au ilikuwaje Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, ikaangukia upande wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 1,200. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi. Mwalimu wa historia wa sekondari atazipata wapi?

Ndiyo sababu hesabu ya viti hainisisimui. Wazee waliozijua sheria za Bugufi na Bushubi kwa kichwa wanakwisha mmoja mmoja, na karatasi za aina hii, pamoja na upungufu wake wote wa kuandikwa na mgeni, ni katika kidogo kilichosalia. Siku hizi ukurasa hupigwa picha ukatumwa kwa intaneti kabla chai haijapoa. Ningependa kuona fedha kidogo kuliko ya zulia moja la sherehe ikitumika kunakili karatasi zinazohusu kila wilaya na kuzirudisha wilayani, hata kama zitakaa katika kabati moja la ofisi ya elimu. Na jengo la zamani, lenye hewa yake nzuri, ningeliachia kazi hiyo ya kutunza na kunakili, badala ya kugawanywa vyumba vya ofisi kama yanavyofanyiwa majengo mengi yakishazeeka.

Sheria inamtaka kila mchapishaji nchini apeleke nakala kwenye maktaba hiyo. Kijitabu hiki nakichapisha kwa fedha yangu mwenyewe, lakini nacho kinahusika. Nakala yake nitaituma kwa basi la kutoka Ngara, na nimemwomba mjukuu wangu anayesoma huko aniandikie imewekwa jengo gani.