Sanga, Bati Jekundu

Mwezi wa saba mwaka 2022 nilikaa na mjomba wangu sebuleni kwake Uyole, Mbeya, tukampigia mtu mmoja simu mara nne. Simu ndiyo iliyosema ni mtu mmoja: Mzee Sanga, na chini ya jina namba nne. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili alipokea dada mmoja wa Tunduma, akasema laini ni yake, ana mwaka wa pili nayo, na kama ni deni tumdai huyo Sanga wetu. Ya tatu alipokea Sanga kweli, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, akafurahi mno kusikia sauti ya mjomba, wakaongea nusu saa habari za miche ya paini na nani katangulia mbele za haki. Hakuwa yeye. Ya nne alikuwa Sanga fundi pikipiki, naye hakuwa yeye.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni Sanga wa Ipogolo, Iringa, aliyetia saini kama shahidi mjomba aliponunua kiwanja kule mwaka 2003. Jirani mpya alikuwa amejenga ukuta, ukala hatua tatu za kiwanja, na baraza la kata lilitaka mashahidi. Karatasi ya mauziano ilikuwepo, ya mkono, na jina la shahidi lilikuwa herufi moja, nukta, kisha Sanga. Anayeijua mikoa yetu anajua shida iliyopo. Wakinga wa Makete wamesambaa kwa biashara kila mji wa barabara ile, na kumtafuta Sanga kwa kuulizia Sanga ni kama kwenda Mwanjelwa asubuhi ya mwezi wa saba kuulizia mtu aliyevaa sweta.

Aliyewageuza Sanga wanne kuwa mmoja ni mimi.

Naanza na hilo kwa sababu nimesoma makala nyingi za kulalamikia simu janja, na karibu zote mwandishi ndiye aliyeonewa. Hapa aliyeonewa ni mjomba, na simu ilipata msaidizi. Nilisoma fasihi ya Kiswahili chuo kikuu, huko huko Iringa, na kama wengi tuliokaririshwa fani na maudhui tangu sekondari, siwezi tena kutazama kitu bila kukihakiki. Basi nataka kuhakiki vifaa viwili vya mjomba kama ningehakiki diwani mbili za mtunzi mmoja. Kwa sababu mtunzi ni mmoja, ni yeye. Kilichobadilika ni ukurasa.

Mjomba alikuwa bwana shamba. Mradi aliofanyia kazi ulimzungusha kati ya Mbeya na Iringa, na ulipofungwa mwaka 2002, mzungu aliyekuwa bosi wake alimwachia kifaa kidogo cha kijivu, Palm m100. Mjomba alikiita kidaftari. Hakikupiga simu, hakikuwa na kamera wala intaneti. Kilikuwa na vitufe vinne: kalenda, anwani, mambo ya kufanya, kumbukumbu. Kiliendeshwa na betri mbili ndogo, zile za rimoti, na ghala lake lote lilikuwa megabaiti 2, ambazo leo hazitoshi picha moja ya harusi.

Jeff Hawkins, aliyebuni Palm ya kwanza iliyotoka mwaka 1996, alianza kwa kuchonga kipande cha mbao cha ukubwa ule, akawa anatembea nacho mfukoni na kujifanya anaandika miadi, apate kujua kama mtu ataweza kuishi na kitu cha namna hiyo. Ni kisa ninachokipenda. Lakini mbao ile ilizungushwa California, na mtu ambaye watu wake wana jina la kwanza na jina la ukoo, na ambaye siku yake inaanza kuhesabiwa usiku wa manane.

Kuandika ulitumia kijiti, na karibu kila herufi ilikuwa mkwaruzo mmoja. A ilikuwa V iliyopinduliwa, bila mstari wa katikati. T ilikuwa kama kona ya dirisha. K ilifanana na samaki. Mjomba alikuwa akisema kidaftari kiliumbwa kwa ajili ya Kiswahili, maana A tunazo tele, na Q na X hatuzihitaji. Kilichomshinda ni ritifaa. Ilibidi ugonge nukta kwanza ndipo uichore, kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili ng'ombe wote wa mjomba waliitwa ngombe. Mwaka 2003, katikati ya kesi na kampuni ya Xerox, Palm walibadili mtindo huo wa herufi kwenye vifaa vipya. Mjomba hakupata habari. Mpaka leo akiandika haraka kwenye karatasi, A yake haina mstari.

Vifaa vya jamii hiyo havikuwa vigeni kabisa nchini. Mwaka 2004 watafiti wa afya walivitumia katika utafiti mkubwa Lindi na Mtwara, kaya zaidi ya 20,000, majibu yakiingizwa mlangoni kwa mtu badala ya kujazwa kwenye karatasi. Lakini kule kifaa kilikuwa dodoso: swali lipo, majibu yapo, mhojaji anachagua. Mjomba alipewa visanduku vitupu na hakuna aliyemsimamia. Ndiyo maana kazi yake inahakikika.

Tazama anwani. Kidaftari kilianza kwa kuuliza, kwa Kiingereza, jina la mwisho, kisha jina la kwanza. Mjomba hakuwa na majina ya kwanza ya wazee wenzake. Nani humwita mzee wa watu jina la kwanza? Kwa hiyo kwenye kisanduku cha kwanza aliandika jina la ukoo, na kwenye cha pili aliandika alichokijua. Kidaftari kilipoorodhesha kilitenganisha viwili hivyo kwa mkato, hivi: Sanga, mbao Mafinga. Sanga, fundi Toyo. Sanga, kwaya. Sanga, bati jekundu Ipogolo. Mama Mchungaji, viazi mbegu. Yule, wa lori la Chimala.

Mkato ule si wake, ni wa mashine. Lakini usome kwa sauti uone. Jina, pumzi, kisha mtu mwenyewe anaingia. Mashine ilidhani inatenganisha jina na jina, kumbe ilikuwa inatenganisha ukoo na kisa. Huyo "Yule" ananichekesha mpaka kesho, kwa sababu ameorodheshwa chini ya Y kwa heshima zote, katikati ya watu wenye koo zao.

Kalenda ilikuwa vita zaidi. Mwanzoni mjomba aliweka mkutano wa saa tatu asubuhi kwenye 3, na kidaftari kikamlilia saa tisa alasiri, watu wameshakula na kutawanyika. Angeweza kujizoeza kuongeza sita kila mara, kama tunavyofanya sote. Hakutaka. Aligundua kwamba kalenda ina nafasi ya tukio lisilo na saa, akawa anaandika humo: "Saa 3 Uyole, mbegu." Kengele hailii, lakini saa ni ya kwetu. Sioni hapo mzee aliyeshindwa na teknolojia. Naona mtunzi aliyevunja umbo kwa sababu umbo lilikuwa linamsemea uongo. Na simu ya leo, hata ukiibadili lugha ikaongea Kiswahili kuanzia mipangilio mpaka kengele, saa tatu bado inaiandika 9:00. Tumetafsiriwa maneno, jua limeachwa palepale.

Mwaka 2014 binamu zangu walimnunulia simu janja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda mbele, na kazi ya kuhamisha anwani nikapewa mimi. Waya wa kidaftari ulikuwa wa chomeo la zamani ambalo kompyuta mpakato yetu haikuwa nalo, kwa hiyo nilinakili kwa mkono, majina mia mbili na kitu, jioni tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona msafi. Simu iliuliza jina la kwanza na jina la mwisho, nami niliona aibu kwa niaba ya mjomba. Bati jekundu si jina. Kwaya si jina. Nikaandika Mzee, Sanga. Mzee, Sanga. Mzee, Sanga. Mzee, Sanga. Yule wa lori sikumwingiza kabisa.

Miaka ikapita mjomba akiuliza "Sanga yupi huyu?" na kucheka, akipiga kwa kubahatisha. Kisha mwaka 2020 akapata simu nyingine, nayo, nilipokuwa naiweka sawa, ikaniambia imeona anwani zinazojirudia, je, niziunganishe? Unganisha ni neno zuri sana katika lugha yetu. Tunaunganisha ndugu waliogombana, tunaunganisha umeme. Nilibonyeza bila kusoma.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya vifaa hivi viwili, na si ile inayosemwa kila siku, kwamba cha zamani kilikuwa kitulivu na kipya kina kelele. Kidaftari hakikujua lolote kuhusu watu, na kwa ujinga huo kilimwachia mjomba nafasi. Ungeandika Bati Jekundu kwenye kisanduku cha jina kingepokea. Simu nayo hupokea, lakini ina rai yake kuhusu mtu ni nini, na ikiona watu wawili wamefanana kwenye visanduku vyake inadhani imegundua kosa. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake, nakubali. Lakini mtoto wa miaka kumi na saba alitoa wapi wazo kwamba jina ni vitu viwili, cha kwanza na cha mwisho? Fomu zilinifundisha, shuleni na kwingineko, na simu ilinikuta nimeshaiva.

Mjomba hakubaliani na uhakiki wangu, na ni haki niseme. Anaipenda simu yake. Chama chao cha kufa na kuzikana kiko WhatsApp, na yeye ndiye mtunza hazina. Anatuma ujumbe wa sauti kwa Kinyakyusa, jambo ambalo kidaftari kisingeliweza hata kwa ritifaa kumi. Kupitia M-Pesa ndipo alipojua majina rasmi ya watu aliowafahamu miaka ishirini, kwa sababu ukitaka kutuma hela jina la usajili linatokea, na kila mara anaguna, "Kumbe anaitwa hivi!" Nilipomweleza nadharia yangu ya mkato alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mpwa wangu, mimi sikuwa natunga. Nilikuwa nasahau."

Baada ya zile simu nne nilikikumbuka kidaftari. Kilikuwa kabatini, ndani ya soksi. Namba za zamani zingekuwa humo kila moja na mtu wake, hata zile mjomba alizozigeuza kwa kijiti usiku mmoja, moja moja, wakati 0744 ilipobadilishwa kuwa 0754. Nilinunua betri. Ukweli ni kwamba nilijua jibu kabla. Wakati kinatumika, mjomba alibadili betri kama anayemzalisha ng'ombe, mlango umefungwa, hakuna kuongea naye, kwa sababu ulikuwa na kama dakika moja tu, ukichelewa kumbukumbu zote zinafutika. Nasi tulikichelewesha miaka minane. Kiliwaka vizuri kabisa. Kikatukaribisha kama wageni na kuomba tuguse katikati ya alama kwa kijiti, ili kituzoee.

Mjomba aligusa. Kisha akaandika kitu kwenye sehemu ya kumbukumbu, V iliyopinduliwa, akakizima.

Ile namba isiyopatikana nadhani ndiyo iliyokuwa yake. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, na wazee wengi walipoteza namba walizokuwa nazo tangu simu zinaingia. Kwa hiyo tulipanda basi la alfajiri. Ipogolo iko chini, kandokando ya barabara kuu, kabla hujapanda mlima kwenda Iringa mjini. Mjomba alishuka, akasimama kando ya wauza mahindi, akatazama juu kwenye makazi. Mwaka 2003, aliniambia, bati la rangi kule lilikuwa moja. Sasa mlima mzima ni mwekundu, na pasipo wekundu ni kijani au bluu.

Tulianza kwenye kibanda cha vocha. "Shikamoo mama," mjomba alimwambia bibi aliyekuwa kwenye benchi, ingawa sidhani alimzidi sana. "Tunamtafuta mzee Sanga."

"Marahaba. Sanga yupi?"

"Alikuwa na bati jekundu. Miaka ile."

Bibi hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye migomba, akatutajia kona mbili na choo cha matofali.

Mzee Sanga alikuja barazani juma lililofuata, akaeleza alichokiona siku ya kupima kiwanja, mti uliokuwepo na jiwe lililowekwa, na kufikia mwezi wa kumi ukuta ulikuwa umebomolewa. Lakini siku ile tulikaa tu uani kwake tukinywa chai. Walipomaliza kuhesabiana waliokufa, mjomba alinipa simu yake, Mzee Sanga akanitajia namba mpya.

"Andika Sanga," mjomba akasema. "Bati jekundu, Ipogolo."

Niliangalia juu. Lilikuwa limeezekwa upya, la bluu, na mvua ilikuwa bado haijaligusa. Nikaandika kama alivyosema. Mkato nikauweka mwenyewe.