Mstari wa tcpdump na Anwani Isiyoonekana

Mashine pepe haina kazi usiku, lakini kiolesura chake kinapokea pakiti mfululizo. Fundi anaita tcpdump, programu iliyoanza kuandikwa mwaka 1988 na Van Jacobson na wenzake katika Maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Mstari unaojirudia ni huu:

IP 10.0.0.1.49213 > 10.0.0.20.514: SYSLOG local7.notice, length: 118

Mstari huu una ufundi wake. Alama ya > peke yake inabeba kitenzi: inaeleza nani kampelekea nani. Namba ya poti imebandikwa kwa nukta mwishoni mwa anwani, hata mgeni akadhani anwani ina sehemu tano. Poti 514 inatufahamisha kuwa hizi ni kumbukumbu za matukio zinazotumwa kwa UDP, na mpokeaji wa UDP halazimiki kujibu. Kimya hicho ndicho kitakachotufikisha kwenye chanzo.

Ila mashine yetu ni 10.0.0.35. Haitajwi popote, si kama mtumaji wala kama mpokeaji. Umbo la mstari linawatambulisha watu wawili kwa ukamilifu kiasi kwamba msomaji haulizi barua yao imefikaje mlangoni kwake, na haraka anashuku uvamizi.

Ongeza -e kwenye amri, mstari urefuke. Mbele yake zinatokea anwani mbili za MAC, na urefu mpya: 160. Hakuna mgongano. Ile 118 ni ujumbe mtupu; ongeza baiti 8 za kichwa cha UDP, 20 za IP na 14 za Ethernet. Kubwa zaidi ni MAC ya mpokeaji. Inaanza na 52:54:00, kama kawaida ya mashine za QEMU, lakini si yetu, wala si ff:ff:ff:ff:ff:ff ya tangazo kwa wote. Fremu ya mwingine imemwagwa kwetu.

Sababu iko kwenye daraja linalounganisha mashine pepe na mtandao. Daraja la Linux husahau MAC isiyosikika kwa sekunde 300, na fremu ya mpokeaji asiyejulikana hutoka kwa kila mlango isipokuwa ule ilioingilia. Ruta, yaani 10.0.0.1, kwa upande wake inaweza kukumbuka MAC hiyo muda mrefu zaidi. Kwa Cisco IOS, jedwali la ARP, linalooanisha IP na MAC, hukaa saa 4 bila kubadilishwa mpangilio. Seva ya kumbukumbu, 10.0.0.20, inapokea tu, haisemi, hivyo daraja linaisahau huku ruta ikiendelea kutuma.

Kwa kawaida tcpdump hukiweka kiolesura katika hali ya kupokea hata visivyo vyake, kwa hiyo kuona mstari si ushahidi kwamba programu yoyote ya mashine yako imeupata. Jaribu -p, uone kama unatoweka. Na bila -n, chombo chenyewe huuliza DNS majina ya anwani, kikaongeza pakiti zake juu ya zile unazozichunguza.

Umbo fupi linatosha pale unaposoma mawasiliano yako mwenyewe. Nyuma ya daraja linaficha anwani pekee inayoamua kesi. Hapo soma kwa -e na -n tangu mwanzo, kisha punguza muda wa ARP kwenye ruta uwe chini ya sekunde 300.