Mtegua Mabomu Aliyeshindwa na Konfleksi

Jumamosi moja ya majira haya ya baridi, theluji ikiwa magotini na magari ya nusu ya wageni yamegoma kuwaka, tulikusanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya mwenzetu mmoja upande wa Saint Paul kuangalia sinema. Chai ya tangawizi ilikuwapo, sambusa zilikuwapo, na vijana walikuwa wameahidiwa kwamba safari hii haitakuwa sinema ya Kinaijeria. Zamu ya kuchagua ilikuwa yetu. Tukachagua The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, ambayo wengi wetu tuliiona ilipoingia majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2009, tukaisifu siku mbili, tukaisahau.

Hatukuichagua bure. Kijana mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amerejea kutoka jeshini miezi michache iliyopita, na tayari alikwishaanza maneno ya kuomba apelekwe tena. Mama yake alituomba tuonyeshe kitu kitakachomfungua mdomo. Tulimwambia ukweli kwamba sisi ni wahandisi, si waganga. Akasema hata hivyo chagueni.

Kwa wasioijua, sinema inahusu watu watatu wa kikosi cha kutegua mabomu mjini Baghdad mwaka 2004. Kiongozi wao anauawa dakika za mwanzo tu. Mahali pake anakuja Sajini William James, anayeigizwa na Jeremy Renner, mtu aliyekwisha kutegua mabomu 873 na asiyeonekana kuchoka. Wenzake, Sanborn na Eldridge, wanahesabu siku zilizobaki kurudi kwao. Yeye hahesabu. Mwandishi wake, Mark Boal, aliwahi kufuatana na kikosi cha namna hiyo Irak mwaka 2004 akiwa mwandishi wa habari, na inaonekana: vumbi, uvivu wa kusubiri, namna watu wanavyochungulia kutoka kwenye baraza za ghorofa bila kujulikana nani ni mtazamaji na nani ana simu mkononi ya kulipulia bomu. Mwezi Machi 2010 sinema hii ilipata tuzo 6 za Oscar, na Bigelow akawa mwanamke wa kwanza kupata ile ya mwongozaji bora. Siku hiyo aliishinda Avatar ya James Cameron, ambaye zamani alikuwa mumewe. Vijana walilipenda jambo hilo kuliko sinema yenyewe.

Kwa jicho la ufundi, tunaikubali. Kuna tukio James anavuta waya mmoja ardhini na mabomu sita yanainuka kumzunguka pande zote, kila moja na mkia wake. Mtu aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye mtambo anaijua hali hiyo: ulifikiri tatizo ni moja, kumbe ulichoshika ni ncha ya matatizo yote. Na chini ya kitanda chake James anaweka sanduku lenye vipande vya vifaa ambavyo nusura vimuue, swichi hii, saketi ile, na katikati yake ipo pete yake ya ndoa. Anavieleza kwa mapenzi kama fundi anavyoeleza kazi ya fundi mwenzake. Hilo ni kweli, na linatisha.

Yapo pia yasiyo kweli. Safari ya James kutoka kambini usiku peke yake, kofia kichwani, kuingia nyumba ya profesa wa watu kutafuta wauaji, ni hadithi ya kikauboi. Askari wengi walioifanya kazi hiyo walilalamika kwamba kikosi kinachozurura hivyo hakijapata kuwapo. Tunawaamini.

Lakini tuje kwenye tukio lililoleta mjadala. James amerudi Marekani. Mkewe anamtuma aende akachukue konfleksi. Anafika mbele ya rafu isiyo na mwisho, maboksi ya kila rangi, muziki wa supamaketi ukipiga taratibu, na mtu yule aliyekata waya 873 hawezi kuchagua boksi moja. Anasimama. Mwishowe ananyakua lolote na kulitupa kwenye toroli. Vijana wetu walicheka. Hata sisi tulicheka kidogo.

Mama mmoja wa Uvira, aliyefika hapa Minnesota akipitia kambini, hakucheka. Alisema, "Wanangu, msimcheke huyu. Mimi siku ya kwanza walinipeleka Cub na hela mkononi. Nilifika kwenye mchele, nikaona mchele aina kumi. Nilirudi nyumbani bila kitu. Watoto walilala na njaa na hela ipo."

Ukumbi ulinyamaza. Wakosoaji wa hapa, kila tulipowasoma, walilieleza tukio lile kuwa ni kejeli juu ya utajiri wa Marekani, au ni maelezo ya mtu aliyelevywa na vita hata maisha ya kawaida yakawa maji matupu. Mama yetu alilisoma kwa njia nyingine. Kwake James hajachoshwa na rafu. Ameogopa. Mahali alikotoka, kuchagua vibaya ni kufa, na mwili haujapewa habari kwamba hapa kuchagua vibaya ni kula konfleksi zisizo tamu. Tangu siku ile hatuwezi tena kuliona tukio hilo kwa jicho la zamani, na tunadhani mama ameiona sinema vizuri kuliko walioitengeneza.

Kwa sababu wao wenyewe wameamua vingine. Sinema inafunguliwa kwa maneno ya mwandishi Chris Hedges yanayofananisha vita na dawa za kulevya, na inafungwa kwa James akimwambia mtoto wake mchanga, anayechezea mwanasesere wa kuchupa kutoka kisandukuni, kwamba mtu akikua vitu anavyovipenda hupungua, na kwake labda kimebaki kimoja. Kisha helikopta, kisha vazi zito la kinga, kisha maandishi kwamba zimebaki siku 365. Muziki unapiga kwa nguvu. Ametoka nyumbani kwa hiari, kwa uraibu wake mwenyewe, na sisi tunaondoka tukiwa tumemsikitikia na kumhusudu kwa pamoja.

Hapo ndipo tunapogombana na Bigelow. Tunaoishi miji hii miwili tuliona watu wakirudi vitani, na wengi hawakurudishwa na uraibu. Brigedi ya Kwanza ya Divisheni ya 34 ya Walinzi wa Taifa wa Minnesota, wanaojiita Red Bulls, ilikuwa na askari wapatao 2,600 wa jimbo hili: walimu, mafundi bomba, wanafunzi wa chuo. Walikuwa wanakaribia kurudi nyumbani pale ilipotangazwa, Januari 2007, kwamba wataongezewa muda hadi siku 125. Walirejea Julai 2007, baada ya miezi 22 ya kuwa kazini, muda mrefu kuliko kikosi chochote cha Marekani katika vita ile. Ukitazama The Hurt Locker peke yake huwezi kujua kwamba ipo ofisi inayopanga nani arudi na lini. Hakuna mkataba, hakuna ada ya chuo, hakuna karatasi ya kutia sahihi. Kuna mtu na kiu yake tu.

Wiki chache baada ya Red Bulls kurudi, tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara ya 35W lilianguka mtoni Mississippi hapa Minneapolis. Watu 13 walikufa na 145 waliumia. Samahani kwa kuingiza habari za kazi, lakini hatuwezi kujizuia. Siku zile kila mtu, na sisi tukiwamo, alisema chuma kimechoka, kutu, nyufa, uzee. Uchunguzi ulipokamilika mwaka 2008 ilionekana kosa lilikuwa kwenye mabamba ya kuunganishia vyuma: yalichorwa membamba tangu miaka ya 1960, na miaka ikaendelea kuongeza uzito juu, mpaka siku ile ya matengenezo walipoweka na marundo ya kokoto na mashine. Chuma kililaumiwa bure. Tunapoona sinema nzima ikichungulia ndani ya kifua cha Sajini James kutafuta ufa, tunatamani mtu aulize ni nani aliyepiga hesabu ya uzito.

Afrika yupo mtu aliyeuliza, ingawa si kwa Kiswahili. Ousmane Sembène, pamoja na Thierno Faty Sow, walitengeneza Camp de Thiaroye mwaka 1988, kuhusu askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliorudi Senegal na kupigwa risasi na jeshi hilo hilo tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Ndani yake yumo askari anayeitwa Pays, aliyefungwa Buchenwald. Hasemi, anatoa sauti tu, na haivui kofia ya chuma ya Kijerumani. Wenzake wanamhesabu kuwa kichaa. Usiku ule yeye yuko kwenye mnara wa lindo, anaviona vifaru vikija, anahangaika kuwaamsha, nao wanamtuliza kama mtoto, kwamba vita vimekwisha, rudi ulale. Yeye hakurudi vitani. Vita ndivyo vilivyomfuata kambini, na mwenye kiwewe ndiye pekee aliyeona sawasawa. Atakayepata kanda hiyo aitazame siku moja na The Hurt Locker, usiku mmoja hii, usiku wa pili ile.

Na Wairaki je? Sinema ilipigwa Jordan, na wakimbizi wa Kiiraki waliokuwa huko walichukuliwa kuigiza. Wengi wao kwenye kioo ni nyuso za dirishani. Mtoto anayeuza kanda anaitwa Beckham, jina la mcheza mpira. James anadhani ameuawa, anakaribia kurukwa na akili, kisha mtoto anatokea mzima anamsalimu, naye anampita kama hamjui. Hapo mwongozaji amepiga ndani. Kadhalika mtu yule wa mwisho, aliyeigizwa na Suhail Dabbach, aliyefungwa bomu mwilini kwa makufuli, akilia kwamba ana familia. James anakata kufuli moja, muda hautoshi, anaomba radhi na kukimbia. Ni Mwiraki mmoja katika saa mbili anayepewa nafasi ya kusema anataka nini.

Tukiri na letu. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 na daraja la Kyaka kuvunjwa, baba yetu mdogo alikwenda na wanamgambo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, naye baadaye akarudi kijijini mzima, vidole vyote, na redio ya Uganda begani. Tulikuwa darasa la tatu. Haikuchukua muda akaanza kuamka alfajiri, kuvaa buti, na kutembea hadi lango la kambi ya jeshi, maili kadhaa, kusimama pale. Waliolinda walimjua, wakawa wanampa chai na kumrudisha. Wazee walisema ana mwanamke aliyemwacha huko Uganda. Bibi alisema ni jini. Sisi watoto tulikuwa tukimfuata nyuma tukipiga kwata, kushoto kulia, na yeye hakugeuka hata siku moja. Ilituchukua miaka mingi na rafu ya konfleksi kujiuliza kwamba huenda langoni ndipo palikuwa mahali pekee ambapo hakutakiwa kueleza kitu.

Minnesota ilijifunza kupokea watu kwa shida. Mpango wa Beyond the Yellow Ribbon, wa kuwakusanya waliorudi pamoja na familia zao badala ya kuwaachia wajitafute, ulianzia hapa, na Congress ikaufanya wa nchi nzima mwaka 2008. Jumuiya yetu haina mpango. Ina sambusa na ina mama wa Uvira.

Kijana wetu alikaa nyuma usiku ule wote. Taa zilipowashwa mama yake alimtazama, nasi tukajifanya tunakusanya vikombe. Alisema neno moja tu juu ya sinema, tena kwa mama wa Uvira, akimwinamia kidogo kama anamwamkia: "Mama, ule mchele, mwishowe ulinunua upi?"

"Wa bei ndogo," akajibu. "Ulikuwa mbaya sana. Nilirudi wiki iliyofuata nikachukua mwingine."

Akacheka. Kisha akachukua waya za kuwashia magari, akatoka kwenye baridi, na kuanza kuyaamsha magari ya wazee moja baada ya jingine. Kuhusu ile fomu yake hatujui ameamua nini. Mama yake hajauliza, na ametuomba nasi tusiulize.